Mbio za Nyika: Historia ya Mchezo na Tatizo la Neno "Alama"

Jumamosi moja ya kiangazi tulialikwa na walimu wa michezo wa shule tatu za msingi zilizo katika kata ya Sombetini, Jiji la Arusha, kushuhudia mbio za nyika za wanafunzi wao. Mwaliko huo haukuwa wa heshima tu. Majuma machache kabla ya siku hiyo mmoja wa walimu hao alikuwa ametuomba tumfasirie kanuni za mchezo huo kutoka Kiingereza, nasi tulimfasiria kurasa mbili, kwa hisani, bila kuzipeleka mbele ya kamati yoyote. Kila shule ilitoa wakimbiaji wanne. Watoto walitoka uwanjani, wakafuata kando ya korongo, wakakatiza mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, wakarudi uwanjani na kuuzunguka mara mbili. Aliyetangulia alikuwa kijana mwembamba wa darasa la sita, na shule yake nzima ilimpokea kwa vigelegele.

Tatizo lilianza baada ya hapo. Shule ya kijana huyo ilikuwa imeshika nafasi ya 1, ya 3, ya 6 na ya 10. Shule ya pili ilishika ya 2, ya 4, ya 5 na ya 7. Shule ya tatu ilishika ya 8, ya 9, ya 11 na ya 12. Walimu walijumlisha, wakapata 20, 18 na 40. Kisha wakafungua karatasi yetu wapate kujua kombe ni la nani. Karatasi ilisema, "mshindi ni timu itakayopata alama za juu". Maandishi ya asili yalikuwa yamesema kwamba mshindi ni timu yenye hesabu iliyo bora. Sisi, kwa haraka na kwa mazoea ya mitihani na ya mpira wa miguu, tuliona kwamba bora ni juu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi, kombe lilikuwa la shule iliyoshika mkia.

Hapana aliyeamini kwamba hivyo ndivyo, isipokuwa wanafunzi wachache wa shule ya tatu, ambao walianza kushangilia. Hata hivyo walimu hawakukubaliana juu ya lililo sahihi. Mmoja alishikilia kwamba aliyetangulia ndiye mshindi na shule yake itangulie pamoja naye. Mwingine, ambaye alikimbia alipokuwa sekondari, alikumbuka kwamba hesabu ndogo ndiyo inayoshinda, lakini hakuweza kuonyesha palipoandikwa hivyo. Ubishi ulichukua zaidi ya nusu saa, watoto wameketi juani, kombe liko mezani. Mwishowe mwalimu mkuu mmoja alitugeukia akasema, "Ndugu zangu, ninyi ndio mlioandika karatasi hii, tuambieni ilikusudia nini." Tulikiri kosa letu mbele ya watu wote. Kombe likaenda kwa shule ya pili. Yule kijana wa kwanza alikwenda nyumbani bila kombe, na mwalimu wake alituuliza swali ambalo tuliondoka nalo Sombetini: aliyeshinda ameshindwaje?

Jibu la swali hilo limo katika historia ya mchezo wenyewe, hasa katika mashindano ya kwanza ya kimataifa ya mwanzoni mwa karne ya 20. Tumeona yafaa tuieleze historia hiyo hapa, kwa kuwa mfasiri asiyejua kanuni ilizaliwaje huiharibu kanuni hiyo kama tulivyoiharibu sisi.

Asili ya mbio hizi ni mchezo wa watoto wa shule za bweni za Uingereza wa nusu ya kwanza ya karne ya 19. Wavulana wawili walitangulia wakiwa na mfuko wa vipande vya karatasi, wakavitupa njiani walikopita, na wenzao wakawafuata kwa kuziangalia karatasi hizo. Waliotangulia waliitwa sungura na waliofuata waliitwa mbwa. Njia haikuwa na mpaka. Sungura alipita shambani, akaruka mfereji, akapenya ua wa miti, na mbwa hakuwa na budi kupita papo hapo. Mwaka 1868 wapiga makasia wa mto Thames, London, waliokuwa wakitafuta mazoezi ya wakati wa baridi, waliuchukua mchezo huo wa watoto na kuunda chama cha watu wazima, nao wakakipa jina la sungura na mbwa vile vile. Hata leo vilabu vingi vya riadha vya Uingereza vina jina la aina ya mbwa wa kuwindia sungura, na mfasiri anayekutana na jina hilo katika habari za michezo asidhani kwamba ni klabu ya mbwa.

Mwaka 1876 palifanywa jaribio la kwanza la kumpata bingwa wa Uingereza nzima, katika msitu wa Epping. Wakimbiaji wote walipotea njia, na mashindano yakafutwa. Yalirudiwa mwaka 1877, safari hii yakafanikiwa. Tukio hilo huchekesha, lakini liliacha jambo la maana: tangu hapo ilionekana kwamba mbio za nje ya uwanja zahitaji njia iliyowekewa alama za kuonekana, wala si karatasi za sungura. Hapo ndipo mchezo wa kufukuzana ulipogeuka kuwa mashindano.

Wa kwanza kukutana kwa jina la nchi zao walikuwa Waingereza na Wafaransa, tarehe 20 Machi 1898, katika mji wa Ville-d'Avray karibu na Paris. Waingereza walishinda. Lakini mashindano yaliyokuja kuendelea mwaka baada ya mwaka yalianza tarehe 28 Machi 1903 huko Hamilton Park, karibu na Glasgow, Uskoti. Nchi zilikuwa nne tu, nazo zote ni za visiwa vile vile vya Uingereza: Uingereza yenyewe, Uskoti, Ireland na Wales. Masafa yalikuwa maili 8, yaani kilomita 13 hivi. Jina la kimataifa lilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe, na haukupita muda mrefu kabla jambo halijalifikia jina. Wafaransa waliingia mwaka 1907, na mwaka uliofuata wakayakaribisha mashindano kwao, Colombes.

Msomaji aangalie mahali. Hamilton Park ulikuwa uwanja wa mbio za farasi. Haydock Park wa mwaka 1904 ulikuwa vivyo hivyo, na Baldoyle wa mwaka 1905, karibu na Dublin, vivyo hivyo. Uwanja wa farasi una nyasi, una uzio, una lango la kuingilia na jukwaa la watazamaji. Kwa hiyo mbio zinazoitwa za nyika, tangu siku yake ya kwanza ya kimataifa, hazikukimbiwa nyikani. Jambo hili tutalirudia tutakapofika kwenye jina.

Mshindi wa Hamilton Park alikuwa Mwingereza Alfred Shrubb, aliyezaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Slinfold, Sussex. Inasimuliwa kwamba watu waligundua kipawa chake pale ilipolia kengele ya moto naye akakimbia kama maili tatu, na nguo zake za kazi mwilini, sambamba na gari la zimamoto lililokokotwa na farasi. Alishinda tena mwaka 1904. Tarehe 5 Novemba ya mwaka huo huo, katika uwanja wa Ibrox, Glasgow, alikimbia kwa saa moja akaenda mita 18,742, masafa ambayo hapana mchezaji wa ridhaa aliyekuwa ameyafikia kwa muda huo. Mwaka 1905 vyama vya riadha vilimfungia, kwa hoja kwamba alikuwa amepokea fedha. Akawa mkimbiaji wa kulipwa, akaenda Marekani na Kanada, na huko, pamoja na kushindana na watu, alishindana na farasi. Alirudishiwa hadhi yake ya mchezaji wa ridhaa mwaka 1953, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70.

Hapa tuseme neno moja pembeni, kwa maana tumeliona kosa hili mara nyingi katika maandishi yanayoletwa kwetu. Riadha na ridhaa si neno moja lililoandikwa kwa namna mbili. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini mizizi yake ni mbali mbali. Riadha ni mazoezi ya viungo, na kwetu imekuwa jina la michezo ya kukimbia, kuruka na kutupa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, na mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye kwa kupenda kwake bila kulipwa. Shrubb aliondolewa katika ridhaa, hakuondolewa katika riadha. Barua moja rasmi tuliyopata kuiona iliwaalika watu katika "mashindano ya ridhaa ya mkoa", na mtu asiyejua angefikiri kwamba watu wanakwenda kushindana katika kukubali.

Sasa tuingie katika hesabu, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Katika mashindano ya 1903 kila nchi ilipeleka wakimbiaji zaidi ya sita, lakini waliohesabiwa ni sita wa kwanza wa kila nchi. Nafasi walizoshika zilijumlishwa, na nchi yenye jumla ndogo kuliko zote ndiyo iliyoshinda. Timu ambayo watu wake sita wangeshika nafasi sita za mbele ingepata 21, kwa kuwa 1 na 2 na 3 na 4 na 5 na 6 ni 21, na chini ya hapo haiwezekani kushuka. Uingereza ilishinda, Ireland ikafuata, kisha Uskoti, na Wales ikawa ya mwisho. (Katika mashindano ya dunia ya miaka ya karibuni wahesabiwao ni wanne badala ya sita, na ndiyo maana walimu wa Sombetini nao walichukua wanne.)

Kanuni hii haikuwekwa kwa ajili ya kutatanisha watu. Ilitoka katika desturi ya vilabu. Klabu ilikuwa na mtu mmoja hodari na wengine wa kawaida, na siku ya mazoezi wote walitoka pamoja matopeni na kurudi pamoja. Kama ushindi ungekuwa wa mtu wa kwanza peke yake, wale wa kawaida wasingekuwa na sababu ya kuvumilia baridi na tope la mwezi Machi. Kwa kuhesabu nafasi za watu sita, mtu wa sita akawa na thamani sawa na wa kwanza, na pengine zaidi. Mbora akijitahidi akapita mtu mmoja, timu yake hupunguza hesabu kwa moja tu. Wa sita akikata tamaa dakika ya mwisho akapitwa na watu kumi, timu huongezewa kumi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mfaransa Jean Bouin, mzaliwa wa Marseille. Bouin alishinda mashindano haya mara tatu mfululizo: mwaka 1911 huko Caerleon, Wales, mwaka 1912 huko Edinburgh, na mwaka 1913 nyumbani kwao, huko Juvisy karibu na Paris. Katika mwaka huo wa 1913 aliivunja rekodi ya saa moja ya Shrubb kwa kwenda mita 19,021 mjini Stockholm. Katika mji huo huo, kwenye Olimpiki ya 1912, alikuwa amekimbia mita 5,000 bega kwa bega na Hannes Kolehmainen wa Ufini, akashindwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapakuwa na mtu wa kumpita katika mashindano haya kwa miaka mitatu. Hata hivyo, katika miaka yote mitatu kombe la timu lilikwenda Uingereza. Bouin alikuwa wa kwanza, lakini Wafaransa waliomfuata walikuwa nyuma mno, ilhali Waingereza walikuja kwa kundi. Siku ile ya Juvisy, mbele ya watu wake mwenyewe, alitangulia kufika na bado nchi yake ikashindwa. Tunadhani kwamba lau tungeliijua habari hiyo siku ya Sombetini, tungelikuwa na la kumwambia yule kijana wa darasa la sita.

Bouin aliuawa vitani mwishoni mwa mwezi Septemba 1914, vita ilipokuwa haijamaliza miezi miwili. Mashindano yalisimama baada ya yale ya 1914, yakaanza tena mwaka 1920 huko Belfast, na kisa kile kile kikajirudia: Mskoti James Wilson alishika nafasi ya kwanza, Uingereza ikachukua kombe la timu. Kwa jumla Uingereza ilishinda mashindano 14 ya mwanzo bila kukosa, kuanzia 1903 hadi 1914, na tena 1920 na 1921. Mwaka 1922 ndipo Ufaransa ilipoipokonya kombe, huko Glasgow, na mwaka huo Mfaransa Joseph Guillemot alikuwa wa kwanza. Baada ya miaka 15 tangu waingie, Wafaransa walipata mtu wa mbele na kundi la nyuma yake kwa pamoja.

Mchezo huu uliingia pia katika Olimpiki za 1912, 1920 na 1924. Ule wa 1924 ulikuwa msiba. Mbio zilifanywa Colombes mwezi wa Julai, joto limepita nyuzi 40, na kati ya wakimbiaji 38 waliomaliza ni 15 tu. Paavo Nurmi wa Ufini alishinda kana kwamba hapakuwa na joto. Wengine walianguka njiani. Tangu siku hiyo mbio za nyika hazikurudi katika Olimpiki, na zimebaki kuwa na mashindano yake zenyewe.

Na tuje kwenye jina. Kiingereza huziita mbio hizi kwa maneno mawili yenye maana ya kukatiza mashamba. Taabu ya mfasiri ni kwamba neno lile la pili, katika Kiingereza, hubeba maana mbili: nchi yenye serikali na mipaka, na upande wa shamba ulio nje ya mji. Tumepata kuona karatasi iliyoziita "mbio za kuvuka nchi", na mtu akiisoma atadhani kwamba wakimbiaji wataondoka Namanga wafike Tunduma. Wafaransa walikwepa taabu hiyo kwa kuazima jina zima kama lilivyo.

Waswahili hawakuazima wala hawakufasiri neno kwa neno. Walisema mbio za nyika. Jina hili limekwisha kukaa katika magazeti na redio za Tanzania na Kenya, na lina historia yake. Kwa watu wa Mombasa na Tanga wa zamani, nyika ilikuwa ile nchi kame iliyo nyuma ya minazi na mashamba ya pwani, yenye vichaka vya miiba na maji haba, ambayo misafara iliipita kwa haraka ielekeapo bara. Neno lilikuwa na dharau ndani yake. Mmisionari Krapf, aliyekaa Rabai tangu miaka ya 1840, aliwaandika wenyeji wa huko kwa jina la Wanika, jina walilopachikwa na watu wa mjini. Wenyewe hawakulipenda, na katika miaka ya 1940 jina la Mijikenda lilichukua mahali pake. Katika michezo dharau hiyo imekwisha. Mkimbiaji wa nyika husifiwa kwa jina lile lile ambalo zamani lilikuwa tusi, na hatufahamu neno lingine la pwani lililosafishwa kwa njia ya jasho namna hii.

Wapo wanaosema kwamba jina hili halifai kwa sababu si la kweli. Hoja hiyo tuliisikia Sombetini, ambako mwanafunzi mmoja alimwuliza mwalimu wake nyika yenyewe iko wapi. Swali ni la haki. Sombetini ni sehemu ya jiji. Nyumba zimekaribiana na viwanja vya wazi vimebaki vichache. Ukipanda kuelekea Mlima Meru unakutana na migomba na kahawa, wala hiyo si nyika. Kwa mwenyeji wa Arusha nyika ni ile tambarare ya chini, upande wa malisho, na hakuna mwalimu atakayewapeleka watoto huko kwa miguu ili jina litimie. Baadhi ya walimu wamependekeza mbio za porini, na wengine mbio za mashambani. Hatuyakubali yote mawili. Pori lina wanyama wakali katika mawazo ya msikilizaji, na mwenye shamba la mahindi hatafurahi kusikia kwamba shamba lake limekuwa jina la mbio.

Zaidi ya hayo, historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba nyika haikuwa sharti hata mwaka 1903. Mashindano yalifanywa katika viwanja vya farasi. Yalipochukuliwa na shirikisho la riadha la dunia mwaka 1973 na kuanza upya huko Waregem, Ubelgiji, hali haikubadilika sana. Mwaka 1981 huko Madrid, siku Ethiopia iliposhiriki kwa mara ya kwanza, yalifanywa tena katika uwanja wa farasi. Siku hiyo Waethiopia waliongeza mwendo wakidhani wanamaliza, kumbe ulikuwa umebaki mzunguko mmoja. Ilibidi waanze tena kukimbia, na bado wakalichukua kombe la timu. Kwa hiyo, tangu msitu wa Epping wa 1876 hadi Madrid, adui mkubwa wa mkimbiaji wa nyika amekuwa ni kutokujua njia inaishia wapi. Na tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya nyika yalifika Mombasa, katika mji ule ule ambao watu wake walikuwa wakiitazama nyika kwa mbali. Yalikimbiwa katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, kwa joto na unyevu uliowaangusha hata mabingwa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alijitoa katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda.

Kinachozitofautisha mbio hizi, basi, si nyika iliyopo. Ni uwanja wa riadha usiokuwapo. Hapana njia iliyopimwa na kusawazishwa, hapana mistari, na saa haina maana kubwa kwa kuwa ardhi ya mahali pamoja si sawa na ya pengine. Jina la mbio za nyika lamwambia msikilizaji jambo hilo kwa maneno matatu. Kwamba halielezi kila mahali kwa ukweli si hoja ya kulifuta. Garimoshi limeacha kutoa moshi wa makaa miaka mingi iliyopita, na abiria bado hulipanda kwa jina hilo.

Upande huu wa kaskazini hauhitaji kubembelezwa kuupenda mchezo. Mkoa wa Arusha wa zamani, kabla Manyara haujamegwa mwaka 2002, ulimtoa John Stephen Akhwari wa Mbulu, Filbert Bayi wa Karatu aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na Gidamis Shahanga wa Hanang aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Uwanja mkuu wa Arusha, tuseme kwa faida ya wapenzi wa lugha, una jina la Sheikh Amri Abeid, mtunzi wa Sheria za Kutunga Mashairi. Katika mbio za nyika zenyewe, Mtanzania John Yuda alishika nafasi ya pili ya dunia huko Dublin mwaka 2002. Kombe la timu, hata hivyo, halikuja Tanzania. Wakenya walilishika tangu 1986 hadi 2003, miaka 18 bila kuliachia, na wao pia, kama Waingereza wa zamani, walikuja kwa kundi.

Jina, kwa hiyo, tuliache lilivyo. Linalohitaji kurekebishwa ni neno la hesabu, na hapa kosa letu la Sombetini litufae. Tuliandika "alama". Neno hilo lina kazi nyingi. Mwalimu hutoa alama za mtihani, na alama zikiwa nyingi mtoto hufurahi. Katika mpira wa miguu timu hupata pointi, nazo zikiwa nyingi timu hupanda. Tena njia ya mbio za nyika yenyewe huwekewa alama, yaani bendera na utepe, ili watu wasipotee kama wale wa Epping. Mtu akisoma katika ukurasa mmoja kwamba njia ina alama na timu ina alama, hana budi kuchanganyikiwa. Kubadili neno kuwa pointi hakutuponyi, kwa maana pointi nazo, katika masikio ya Watanzania, ni kitu cha kurundikwa.

Hali katika mbio za nyika hakuna kinachotolewa wala kurundikwa. Kinachojumlishwa ni nafasi. Wa kwanza ana nafasi ya 1, wa kumi ana nafasi ya 10, na kila mtoto wa shule ajua kwamba nafasi ya kwanza ni bora kuliko ya kumi, maana ndivyo anavyopangwa darasani mwisho wa muhula. Tukisema "jumla ya nafasi" badala ya "alama za timu", kanuni hujieleza yenyewe, na msomaji aona kwa nini ndogo ndiyo bora bila ya kuambiwa. Vile vile tungependa "mshindi" apewe kwa mtu binafsi, na timu iitwe "timu bingwa", ili swali la yule mwalimu lisiwe na mtego ndani yake. Kijana wake alikuwa mshindi wa mbio. Timu bingwa ilikuwa nyingine. Hakushindwa.

Karatasi mpya tumekwisha kuipeleka Sombetini. Sentensi iliyoleta ubishi sasa yasomeka hivi: "Nafasi walizoshika wakimbiaji wanne wa kwanza wa kila timu zitajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ya nafasi ndiyo timu bingwa." Walimu wameijaribu kwa matokeo yale yale ya siku ile, wakapata jibu moja wote.

Limebaki jambo moja ambalo bado hatujalipatia neno. Katika timu yenye watu zaidi ya wanaohesabiwa, yuko mkimbiaji ambaye nafasi yake haiingii katika jumla ya timu yake, lakini akimtangulia mpinzani humsukuma nyuma na kuiongezea timu pinzani hesabu. Kazi yake ni kubwa na hana jina. Mwalimu mmoja wa Sombetini alitupendekezea "mzibaji", kwa kuwa aziba nafasi. Mwingine alilikataa, akasema lamfanya mtoto aonekane kama kizibo cha chupa. Wasomaji walio na neno linalotumika katika shule, majeshi au vilabu vya mahali pao wanaombwa watuandikie, wakieleza pia neno hilo limesikika wapi na kwa nani.